Tupeane uzoefu: njia za mlimani na hifadhi zisizo na mapipa ya taka, mnabebaje?

Miguu Miwili (mleta mada)
Wakuu, habari za leo. Hifadhi nyingi na njia za kupandia milima sasa zinaondoa mapipa ya taka kabisa. Getini unakuta bango moja: ulichoingia nacho, toka nacho. Mimi naunga mkono. Pipa la porini lazima lifuatwe na gari au na mtu, na wikendi ya watu wengi linafurika kabla hajafika. Kinachomwagika pembeni, upepo unachukua chake na wanyama wanachukua chao.

Ila bango halikufundishi kutembea kutwa nzima na mfuko unaonuka mgongoni. Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Mnafanyaje, nini kimewashinda, na ni utaratibu gani mmeuona kweli unafanya kazi? Nadharia tuziweke kando kidogo.

Kwangu kazi yote iko nyumbani wakati wa kufungasha. Maboksi ya biskuti, plastiki za nje, lebo, vyote navivua jikoni. Chakula kinaingia kwenye vyombo vya mfuniko na mifuko ya zipu, na mfuko ukishaisha ndio unakuwa wa taka. Nikishuka, taka zangu zote zinaenea kwenye mfuko wa pembeni wa begi.

Begi Zito
Mkuu, mimi ni mpagazi, hizo taka zenu ndizo mkate wangu. Nikupe ya upande wetu.

Mlima ninaobebea, taka zinapimwa kwa mizani wakati wa kushuka. Kundi likishuka na kiroba chepesi kuliko inavyotarajiwa kwa watu wake na siku zake, kiongozi anaulizwa maswali, na kibali chake kinaweza kuingia matatani. Wazo zuri. Lakini mizani inajua uzito tu. Nimeona mawe ndani ya kiroba. Nimeona watu wanamimina maji juu ya karatasi ili zizidi uzito, halafu kiroba kinavuja kwenye shingo ya mpagazi njia nzima, na mpagazi huyo hakuulizwa. Dawa ilikuja siku askari walipoanza kufungua viroba na kuvimwaga kwenye turubai mbele ya kila mtu. Mchezo ukaisha msimu huohuo.

Ombi letu kwa wageni: msitupe mabaki ya supu na chai kwenye mfuko mmoja na taka kavu. Maji ya taka ndiyo yanayotuua. Kavu peke yake, mbichi peke yake, na mbichi iwe ndani ya mifuko miwili.

Kilele Bado
Hilo la mizani limenikumbusha Everest. Mwaka 2014 Nepal iliweka kanuni kwamba kila mpandaji ashuke na kilo 8 za taka, na kulikuwa na dhamana ya dola 4,000 kwa kila kundi, za kurudishiwa mkitimiza. Kwenye karatasi inavutia. Lakini kilo 8 unaweza kuziokota kambi za chini kunakofikika kirahisi, na kule juu, kwenye mahema yaliyochanika na mitungi ya oksijeni, hakuna anayekuuliza. Kwa hiyo namuunga mkono Begi Zito: wafungue, waangalie.

Dada wa Vumbi
Wanaume mnaongea maboksi ya biskuti, haya, na sisi tuseme yetu.

Pedi na karatasi za chooni. Watu wanafukia, au wanabana chini ya jiwe, wanaamini wamestiri. Mvua moja au mnyama mmoja na vyote viko juu. Mimi natembea na kopo la bati lenye mfuniko wa kukaza. Ndani natandika mfuko usioonyesha, chini naweka majani makavu ya chai, na kila kinachoingia nakifunga kwanza kwenye karatasi ya alumini. Harufu haitoki. Nimelala nalo ndani ya hema pamoja na wenzangu na hakuna aliyejua lina nini. Kopo moja limekaa nami miaka.

Na vitambaa laini vya kufutia, vile vya pakiti, vingi vina nyuzi za plastiki. Haviozi kama karatasi. Virudi nyumbani.

Mzee wa Kivulini
Mbona mnajitesa? Chupa na plastiki sawa, nabeba. Lakini ganda la ndizi na la chungwa? Hiyo ni mbolea. Mti utanishukuru.

Buti Kuukuu
Shikamoo mzee wangu. Nimekuwa askari wa hifadhi hadi nilipostaafu, niruhusu nikupinge kwa heshima.

Ganda linaoza, sikatai. Swali ni lini, na nani atalikuta kabla halijaoza. Kule juu kwenye baridi na ukavu, ganda la chungwa linakauka, linakuwa gumu kama soli, na linakaa miezi mingi pale pale ulipoliacha. Sasa zidisha kwa kila mtu anayepumzika kwenye jiwe lile lile lenye kivuli, maana wote mnapumzika hapo hapo.

Halafu kuna nyani. Nimewafuatilia kwa karibu. Mwanzo anasubiri muondoke ndipo ashuke kuokota. Baada ya muda hasubiri tena, anakaa kwenye jiwe na nyinyi. Kisha anajifunza zipu. Nimemshuhudia jike mmoja akiliweka begi tumboni, anashika kile kikamba cha zipu kwa vidole viwili, anavuta polepole kama mwenye mali, anatoa mfuko wa matunda, anaacha simu na pesa. Watu walicheka, wakapiga picha. Miezi michache baadaye kundi lile lile lilikuwa linawanyang'anya watoto mkononi, na mmoja akang'atwa. Mnyama akifika hapo, mara nyingi mwisho wake ni risasi, na anayetumwa kuipiga ni askari. Huko Marekani dubu yamewakuta hayohayo. Ukilala porini ndani ya hifadhi ya Yosemite unalazimika kuweka chakula, na taka zenye harufu pia, ndani ya kopo gumu ambalo dubu hawezi kulifungua.

Kwa hiyo mzee, ganda lako libebe.

Mzee wa Kivulini
Marahaba. La dubu sawa, hilo la risasi limeniingia. Na kuchoma je?

Buti Kuukuu
Pakiti zinazong'aa kwa ndani zina utando wa alumini, moto wa kuni hauumalizi. Utabaki na majivu yenye vipande vinavyometameta, na moshi wa plastiki umeshauvuta. Vichungi vya sigara navyo ni aina ya plastiki, watu wanadhani ni pamba. Weka kikopo kidogo mfukoni.

Sikubali Haraka
Nitakuwa mchawi wa uzi huu. Taka haziishi, zinahamishwa. Sehemu moja ninayotembelea waliondoa mapipa yote bila kumwambia mtu. Hakuna tangazo unapokata tiketi, unaligundua ukiwa ndani. Matokeo yake, kituo cha daladala nje ya geti ndiko mapipa ya hifadhi yalikohamia. Mwenye gari anatupia kwenye buti anaondoka. Sisi wa usafiri wa umma tunapanda na mfuko unaonuka, konda anatuangalia. Hifadhi inaonekana safi kwenye picha, wanaoishi nje ya geti ndio wanazoa.

Miguu Miwili
Hoja nzito, mkuu, na sina ubishi nayo. Ukimwambia mtu atoke na taka zake, mwambie kabla hajatoka nyumbani, na getini mpe mfuko. Mlima Fuji hakuna mapipa njiani na kila mtu anajua hilo kabla hajaanza kupanda. Denali, kule Alaska, hifadhi yenyewe inawakabidhi wapandaji makopo maalumu hata ya kinyesi, na wakishuka wanayarudisha. Kanuni isiyo na chombo ni hotuba tu. Na sehemu moja ya kukusanyia pale nje, inayozolewa kila siku, hainunui ugomvi na mtu. Pipa moja getini ni rahisi kulitunza kuliko ishirini porini.

Begi Zito
Hapo kwenye kukabidhi chombo naongeza: chombo kihesabiwe kwa jina la mtu, siyo la kundi. Cha kundi hakina mwenyewe.

Mama Pacha
Samahanini naingia nimechelewa. Nepi! Mnazibebaje? Ninao wawili, na nepi iliyolowa ni nzito kuliko nilivyopanda nayo.

Dada wa Vumbi
Pole mama, hongera pia. Kinyesi kiache chooni kama choo kipo, nepi ikunjwe kwa ndani na kufungwa kwa gundi zake zenyewe, kisha mfuko mmoja kwa kila nepi na kopo kubwa la mfuniko kwa zote. Lifunge nje ya begi upande wa chini, siyo juu karibu na pua yako. Na kama ni matembezi ya saa chache, wavalishe za kitambaa. Ukifika nyumbani unafua, huna cha kutupa.