Kyalami ya Sauzi: F1 iliondokaje, na siku hizi wanakimbiza nini pale?

Kijana wa Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma hapa, dada yangu kaolewa Sauzi anakaa Midrand, juzi tunaongea kwenye simu nikasikia muungurumo nyuma yake kama nyuki wa chuma, unapotea halafu unarudi, nikamuuliza nini hicho akasema ni Kyalami hiyo, uwanja wa magari, upo jirani. Mwezi wa nane naenda kumsalimia na lazima nifike. Mimi nimezoea rali za vumbi, uwanja wa lami sijawahi kukanyaga. Kwanza hilo jina lina lami ndani yake, ni neno letu? Halafu F1, yaani Formula One, mbio kubwa za magari za dunia, ilikuwepo pale ikaondokaje?

MzeeWaKona
Mkuu hiyo lami siyo ya barabarani. Kwa Kizulu ikhaya ni nyumbani, lami ni "yangu", kwa hiyo Kyalami ni nyumbani kwangu. Hata Wagogo hapo kwako wakisema kaya wanamaanisha nyumbani, sisi ni ndugu.
Uwanja ulijengwa 1961, F1 ya ubingwa wa dunia ikahamia pale 1967, akashinda Pedro Rodríguez wa Meksiko. 1975 akashinda mwenyeji Jody Scheckter. Kilichoiondoa ni ubaguzi wa rangi. 1985 timu za Ufaransa, Renault na Ligier, ziligoma kwenda, na baada ya hapo F1 haikurudi mpaka 1992 makaburu wanaelekea kuachia. Mwaka huo akashinda Mansell, 1993 akashinda Prost na Senna wa pili, basi, tangu 1993 Afrika nzima haijapata tena. Inaniuma sana hii, watoto wetu wanaujua uwanja wa F1 wa Monaco kona kwa kona na hawajawahi kusikia ile mashine ikipita mbele yao.

FundiKabureta
Niongeze la kifundi maana watu hawalisemi. Kyalami ipo juu, mita 1,500 hivi toka usawa wa bahari, hewa nyepesi. Kama umewahi kuseti gari ya kabureta Dar ukaipandisha Makete unajua inavyokohoa moshi mweusi na mlima haitaki, hewa haitoshi kuchoma mafuta. Injini isiyo na tabo (turbo) kwenye urefu ule inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Tabo yenyewe inasukuma hewa kwa lazima ndani ya silinda, haiumii hivyo. Ndo maana 1979 Renault ya tabo ya Jabouille ilipata nafasi ya kwanza kwenye mstari wa kuanzia mbio pale, mara ya kwanza kwa gari ya tabo kwenye F1, na mwaka uliofuata Arnoux akashinda kabisa na Renault. Waliokuwa wanaicheka kwa kulipukalipuka injini wakanyamaza.

Kijana wa Nkuhungu
Duh asanteni sana, hapo kwenye kaya nimesisimka. Sasa huo muungurumo wa juzi ni wa nini?

Mpenda Tairi
Wikiendi nyingi ni mbio za hapohapo nchini Sauzi, za gari za saluni na pikipiki, nenda hata kama huyajui majina. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya masaa tisa, ya zamani sana, 2019 ikarudi mpaka 2023 chini ya Intercontinental GT Challenge, mashindano ya kimataifa ya gari za GT3: Porsche, Mercedes, Audi, zinazotokana na gari za barabarani, uzito na nguvu vinalinganishwa ili asiwepo wa kukimbia peke yake. Madereva watatu walikuwa wanapokezana usukani mpaka giza linaingia, taa zinawaka.
Uwanja ulipigwa mnada 2014, akaununua Toby Venter wa Porsche Sauzi kwa randi milioni 205, akaujenga upya, sasa lapu moja, yaani mzunguko mmoja, ni kilomita 4.5. Ukifika simama karibu na mteremko wanaouita Mineshaft, gari inazama kama inaingia mgodini, utaisikia mpaka kifuani. Chukua vya kuziba masikio.

Kijana wa Nkuhungu
Nishamtumia dada meseji aulizie ratiba ya mwezi wa nane na bei ya tiketi. Hapo Mineshaft ndo nitasimama.