Deki ya kupiga haraka kwenye Pauper: moto, Goblin au Bogle?

UyoleBaridi
Wakuu, habari za jioni. Meza yetu ya mchezo wa karata wa Magic: The Gathering hapa Mbeya tumekubaliana kucheza Pauper, yaani karata zilizowahi kutoka katika daraja la kawaida tu. Deki karata 60, akiba 15 za kubadilishia kati ya michezo, uhai 20, nakala zisizidi 4 ukiacha ardhi za msingi (ardhi ndizo karata zinazotoa mana, nguvu ya kulipia karata nyingine). Nataka deki yenye makali, inayoweza kumaliza mchezo kwenye zamu ya 4. Nimebakiwa na tatu: moto mtupu wa nyekundu, Goblin, au Bogle ya kijani na nyeupe. Wapinzani wawili wanacheza bluu yenye Counterspell (inafuta karata unayoicheza), mmoja nyeusi yenye Crypt Rats na Chainer's Edict, mmoja kijani. Naombeni mlinganishe, na idadi mnipe.

KihesaJuu
Kamwene mkuu. Kwa meza hiyo chukua moto. Hesabu yake ni nyepesi: karata zake nyingi zinatoa 3 kwa mana moja, hivyo uhai 20 unaisha kwa karata 7. Ukianza wewe, kufikia zamu ya 4 umeona karata 10, saba za mwanzo na tatu za kuchota. Zikiwa ardhi 3 na moto 7, unarusha moja zamu ya kwanza, mbili ya pili, tatu ya tatu, tayari 18. Ya saba inamaliza.

Deki yenyewe: Mountain 18, Forgotten Cave 2, halafu nne nne za Lightning Bolt, Chain Lightning, Lava Spike, Rift Bolt, Skewer the Critics, Searing Blaze, Needle Drop, Fireblast, Thermo-Alchemist na Ghitu Lavarunner. Jumla 60. Monastery Swiftspear utaikuta kwenye orodha za zamani, lakini ilipigwa marufuku Pauper mwaka 2023.

Sasa utamu uko kwenye mpangilio. Rift Bolt usiilipie mana 3. Lipa moja, iweke pembeni, itatoka yenyewe mwanzoni mwa zamu yako inayofuata. Ikishampiga mpinzani, Skewer inashuka kutoka mana 3 hadi 1 zamu hiyohiyo, na Needle Drop nayo inapata pa kugonga na kukuchotea karata. Ukigeuza mpangilio huo, Skewer inakulia zamu nzima.

Fireblast ndiyo watu wanaiharibu zaidi. Badala ya mana 6 unatoa kafara Mountain mbili, inapiga 4. Kabla ya kuzitoa, zilaze kwanza uchukue mana zake. Ukiwa na Mountain mbili tu mezani unarusha Bolt, unarusha Lava Spike, kisha unazitoa hizohizo kwa Fireblast: 3 na 3 na 4, kumi kamili. Ila kafara ni malipo. Mpinzani akiitupia Counterspell, ardhi hazirudi. Kwa hiyo iwe ya mwisho, na mbele ya bluu subiri alaze ardhi zake kwanza. Forgotten Cave si Mountain, haitoki kafara hapo.

Makambako_Stendi
Kaka Kihesa, moto ni mzuri ila kila karata inafanya kazi mara moja tu. Goblin aliyebaki mezani anapiga kila zamu. Angalia hii, zamu kwa zamu:

Zamu ya 1, Foundry Street Denizen. Zamu ya 2, Mogg War Marshal anakuja na tokeni yake, Goblin mdogo wa ziada. Denizen anapanda +1 zamu hiyo kwa kila kiumbe mwekundu mwingine anayeingia upande wako; hawa wawili ni wekundu, kwa hiyo anapanda +2 na kushambulia kwa 3. Mpinzani 17. Mwanzo wa zamu ya 3, Marshal anadai mana 2 tena. Usimlipe, mwache afe. Akifa anaacha tokeni ya pili, na Denizen anapanda tena. Una ardhi 3: weka Denizen wa pili kwanza, halafu Goblin Bushwhacker ukimlipia mana moja ya nyongeza. Bushwhacker anawapa wote +1 na ruhusa ya kushambulia papo hapo. Denizen wa kwanza ana 5, wa pili 3, tokeni mbili 2 kila moja, Bushwhacker 2. Jumla 14. Asipokuwa na kiumbe wa kuzuia amebaki na 3, na Lightning Bolt moja inamtosha.

Bushwhacker asitangulie Denizen wa pili. Bonasi yake inawagusa waliopo mezani wakati anaingia, anayekuja baadaye hapati kitu. Hapo ndipo damage nyingi inapotea.

KihesaJuu
Hesabu hiyo ni sahihi, dada, ila yule mwenye Crypt Rats anangoja. Akiwa na ardhi 4 nyeusi anamweka panya, analipa 1, na kila kiumbe chenye ugumu wa 1 kinakufa. Goblin karibu wote ni 1 kwa 1, yaani nguvu 1 na ugumu 1.

Makambako_Stendi
Kweli, ndiyo maana mbele ya nyeusi huweki mezani kila ulichonacho. Wawili watatu mezani, Bushwhacker na mmoja mwingine mkononi. Rats wakishapita unajaza upya na kupiga zamu hiyohiyo. Electrickery ndiyo inauma zaidi, kwa mana 3 inafuta upande wako tu.

TukuyuMvua
Mmemwacha Bogle peke yake. Bogle mmoja anapiga kuliko Goblin watano. Slippery Bogle au Gladecover Scout zamu ya 1, mpinzani hawezi kumlenga kabisa. Zamu ya 2 unamvalisha Rancor na Ethereal Armor, anakuwa 5 kwa 3, anapiga kwanza na ziada inapita. Zamu ya 3 Ancestral Mask, anafika 10. Hapo 15 zimetoka. Zamu ya 4 karibu nguo yoyote ya kumwongezea inafunga kazi. Na zile Searing Blaze za Kihesa zinabaki mkononi, kwa sababu zinahitaji kiumbe cha kulenga.

Udhaifu upo, siufichi. Viumbe hao wa mana moja ni 8 tu, na uwezekano wa kumpata angalau mmoja kwenye karata 7 za kwanza ni kama 65 kati ya 100. Mkono usio naye urudishe, hata kama una Rancor tatu. Tatizo la pili ni hilo la Chainer's Edict. Haimlengi Bogle, inamlenga mchezaji, nawe unatoa kafara kiumbe chako pekee pamoja na nguo zote alizovaa. Kwa meza ya UyoleBaridi hilo ni zito.

UyoleBaridi
Asanteni sana wakuu. Bogle naiweka pembeni kwa sasa. Kwenye moto, kwa nini ardhi 20? Orodha nyingine naona 16.

KihesaJuu
Ukiwa na 16, mikono 39 kati ya 100 inakuja na ardhi moja au bila ardhi. Kwa 18 ni 31. Kwa 20 ni 25. Tatu ndizo zinazoendesha deki hii, na ya nne na ya tano zinalisha Searing Blaze, maana ukiweka ardhi zamu hiyo inapiga 3 na 3 badala ya 1 na 1. Ikizidi, Forgotten Cave unaitupa kwa mana moja na kuchota nyingine.

Yule wa kijani muangalie Weather the Storm. Inamrudishia uhai 3, halafu inajirudia kwa kila karata iliyotangulia kuchezwa zamu hiyo. Ukirusha tatu mfululizo naye akajibu, amepata 12. Akiwa na ardhi mbili wazi, rusha moja kwa zamu, nyingine zamu yake. Akiba weka Pyroblast 4 kwa ajili ya bluu na Smash to Smithereens 3, nyingine jaza kadiri meza inavyobadilika.

TukuyuMvua
Kama mnachapisha steshenari kwa mazoezi ya nyumbani (mashindano rasmi hayakubali): A4 inabeba karata 9, kwa hiyo 75 ni kurasa 9. Mwambie achapishe asilimia 100 bila kujaza ukurasa, kisha pima kwa rula, lazima iwe milimita 63 kwa 88. Karatasi ya kawaida inatosha ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki wa 66 kwa 91, nyuma yake karata ya kawaida ya kuchezea. Pakiti moja ina 52 na majokeri, chukua mbili za aina moja. Epuka zile nyembamba za milimita 57, zinateleza ndani na kukunja karatasi. Wino ukauke kabla ya kuvalisha, hasa msimu huu wa mvua. Ukivalisha mbichi, karata inajikunja na mpinzani anaitambua kwa mgongo.

UyoleBaridi
Nimeelewa. Jumamosi nachapisha moto kurasa 9. Dada Makambako, Goblin nitaiomba orodha kamili, naona karata 4 za Bolt zinaingia kote kuwili.

Makambako_Stendi
Na Mountain zilezile. Naandika usiku huu.