Nimeuziwa kompyuta ya mezani, "i7 ya kudizaini", Darajani, nikaivusha bahari hadi Chake, kumbe kimeo

Asalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu nimeuanza mara mbili nikaufuta, maana maneno yaliyokuwa yakinitoka hayasomeki mbele ya wazazi. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Mie nachora nyumba. Niko Chake Chake, ofisi yangu ni chumba cha mbele cha kwa mama, na wateja wangu wengi ni watu walioko nje wanaojenga huku. Wananitumia vipimo vya kiwanja, nachora, fundi anajenga. Miaka minne nimefanya kazi kwa laptopu moja ambayo ukiweka kikombe cha chai pembeni yake hakipoi. Ikinitosha, kwa sababu watu walikuwa wakiridhika na picha tatu nne. Mwaka huu akaja Ami mmoja, yuko Maskati, anajenga Machomane. Akaniambia: "Mwanangu, picha sizitaki. Nataka nitembee ndani ya nyumba yangu kabla haijajengwa." Yaani video: uingie barazani, upite mlango mkubwa wa nakshi, ukumbini, utokee uani penye mikarafuu. Akatanguliza nusu ya malipo. Hiyo nusu ndiyo iliyoliwa.

Nilikwenda Unguja harusini nikasema nimalize na hili. Nikaingia duka moja Darajani, jina silitaji, akisoma atajijua. Karatasi ninayo mkononi, nimeandika kwa herufi kubwa: SketchUp (programu ninayochorea), Enscape (inayougeuza mchoro kuwa nyumba ya kutembea ndani), nyumba ya ghorofa moja na bustani, video. Kijana wa kaunta hakuisoma. Aliipokea, akaiweka chini ya kikombe chake cha kahawa.

"Ya kudizaini, dada? Ipo. i7."

Nikamuuliza i7 ya kizazi cha ngapi, maana i7 ni daraja tu la prosesa za Intel, ule ubongo wa mashine.

"i7 ni i7, dada yangu. Wewe unachora, si ndiyo? Hii unachora mpaka uchoke wewe."

RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16, SSD (diski ya haraka), kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye kioo, GTX 1050 Ti ya GB 4, na kioo chake. Milioni moja laki sita na nusu. Kadi hiyo nilijua si ya jana, ilitoka 2016, lakini nilikuwa nimesoma kwamba Enscape inataka kadi yenye kumbukumbu yake isiyopungua GB 4, nikasema basi nitabana matumizi, nitapunguza majani ya miti, nitafika. Nikaomba niijaribu. Akafungua YouTube, video ya samaki wa rangi wanaelea kwenye matumbawe. "Ona inavyoteleza."

Na mie, Mungu anisamehe, nikaona inateleza.

Jamani, video ya samaki haipimi chochote! Simu yangu yenye kioo kilichopasuka inaicheza. Video ni kitu kilichokwisha pikwa, mashine inapakua tu. Kurenda nyumba ni kupika: kila ukigeuza shingo mle ndani, mashine inapiga hesabu upya ya jua linaloingia dirishani, kivuli cha nguzo, mng'aro wa sakafu. Hili nalijua, nimelisoma, nimewaeleza hata wenzangu. Lakini pale dukani, kelele, shangazi yuko nje kwenye gari anapiga honi, ukauona mwanga wa rangi rangi ukasema alhamdulillah.

Sanduku nikalifunga kanga mbili, nikalipakata kutoka Malindi hadi Mkoani kama mtoto mwenye homa. Mwanangu wa kweli alikaa chini.

Siku mbili za mwanzo shwari. Nilikuwa nachora kuta na paa, na kuta hata mashine ya 2005 itazichora. Siku ya tatu nikaweka mlango.

Hapa nitakuwa mkweli, maana najua kuna mtu atakuja kunisahihisha huko chini. Mlango ule niliuchora mwenyewe na niliuchora vibaya. Una misumari ya shaba 60, na kila msumari kichwa chake nimekifanya nusu tufe laini kabisa: duara la pande 96, upinde wa vipande 24. Zidisha: kila kichwa cha msumari kina nyuso zaidi ya elfu mbili, misumari 60 inakaribia nyuso 138,000, kwa kitu ambacho kwenye video kinaonekana kama punje ya mtama. Pande 12 zingetosha na Ami asingejua. Kosa langu, nimelirekebisha. Lakini hata baada ya kulirekebisha, nikizungusha nyumba kwa mausi, kioo kinaganda, nahesabu mpaka saba, nane, ndipo nyumba inaruka kwenda upande mwingine. Laptopu yangu kuukuu ilikuwa ikihesabu mpaka tano!

Nikafungua lile dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inafanya kazi kiasi gani. Asilimia 13. Nyumba imeganda, feni inalia, prosesa asilimia 13.

Nikampigia yule kijana wa duka.

"Si umeona, dada? Mashine haijachoka hata robo. Asilimia 13 tu! Programu yako hiyo ndiyo mbovu."

Wallahi nilikaa kimya kama dakika nzima, maana kwa wakati ule hata mie ilinichanganya. Usiku ndipo nikaielewa. Prosesa ile ina kori nne, yaani wapiga hesabu wanne ndani yake, kila moja inafanya kama mbili, jumla nane. SketchUp ukiwa unachora na kuzungusha inategemea kori moja, haigawi kazi. Mia gawa kwa nane ni kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo ile 13 maana yake mtu mmoja anabeba gunia peke yake mpaka mgongo unapinda, na saba wamekaa barazani wanamtazama. Kuna kazi zinazowataka wote nane, mfano ukirenda picha kwa V-Ray, programu nyingine ya kurenda, kwa kutumia prosesa, wote wanaitwa. Lakini katika kuchora kwenyewe, siku nzima, unachotafuta ni huyo mmoja awe na nguvu.

Na huyu mmoja wangu ni wa lini? Nikaangalia: i7-3770. Mwaka 2012! Stika inang'aa mbele kama ya juzi. Prosesa ya i3-12100, "i3" ile ambayo yule kijana angenicheka nikiitaja, ilitoka 2022, nayo ina kori nne zinazofanya kama nane vilevile, na inaiacha hii i7 yangu mbali kabisa kwa kori moja moja na kwa zote. Ile namba inayofuata baada ya i7 ndiyo umri wa mashine. 3770, kizazi cha tatu. 8700, cha nane. 12100, cha kumi na mbili. Hilo tu. Hilo tu ndilo nililomuuliza pale kaunta nikajibiwa i7 ni i7.

Halafu wamenipakilia Windows 11, ambayo Microsoft wenyewe wanataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Wameipitisha kichochoro. Windows 10 nayo mwisho wake ulikuwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine hii hapa haina nyumba rasmi popote.

Bado sijafika kwenye wizi wenyewe.

Enscape nikiiwasha na nyumba tupu, inafunguka kwa kusuasua. Nikiweka mikarafuu, hata mitatu tu ya uani, kioo kinakuwa cheusi kisha inajifunga, na SketchUp inaondoka nayo. Kila mara. Nikasema pengine ni draiva, ile programu inayoiongoza kadi. Draiva ya karibuni ya NVIDIA, watengenezaji wa kadi za GTX, ikakataa kuingia, ikasema haioni kadi inayoifahamu. Nikafungua kifuniko. Nyuma ya kadi kuna tundu la VGA, lile la bluu la vioo vya zamani. Hapo moyo ukanidunda, kwa sababu kadi za ukoo wa GTX 10 hazitoi VGA, NVIDIA waliiondoa. Ukiona tundu la bluu kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti, kuna mchezo.

Nikashusha GPU-Z, programu ya kuitambua kadi, ni ya bure, ndogo, haichukui hata dakika. Ikaandika jina la kadi na mbele yake neno la Kiingereza la kusema ni bandia, ndani ya mabano, kwa herufi kubwa. Tangu 2018 programu ile inazitambua. Chipu iliyomo ni GF116, yaani GTX 550 Ti ya mwaka 2011. Kori 192 pale palipotakiwa kuwa na 768. Watu wameingia ndani ya kadi wakabadilisha maandishi ili ikiulizwa jina lake iseme uongo. Ikisema GB 4, ni maneno tu. Kumbukumbu halisi ikijaa, na mikarafuu mitatu inaijaza, ndipo giza. Na draiva za ukoo huo zimeachwa kutengenezwa toka 2018.

Nimeitazama ile kadi hapa mezani. Feni mbili kubwa nyekundu, plastiki imechongwa kama gari la mashindano. Ndani bibi.

Na ngojeni. Kasha hili ni la ofisini, mtumba wa Uingereza, na pawa saplai yake imeandikwa wati 275, kwa mashine nzima. Kadi halisi ya 1050 Ti inakula wati 75, inajitosheleza na umeme wa tundu lake kwenye bodi. Hii bibi inakula zaidi ya 110 na inataka waya wake wa peke yake, ambao pawa saplai hii haina. Sasa wamefanyaje? Wamechukua waya wa kulishia diski, wakaugeuza kwa kiungio cha buku mbili, wakaulisha kadi. Plastiki ya kiungio imeshaanza kuwa rangi ya kahawa. Mie nalala chumba cha pili na mtoto.

RAM ni GB 16 kweli, na SSD ni nzima. Hapo sina ugomvi.

Nikapiga tena simu, nikamwambia kadi bandia, picha nimekutumia. Nanukuu: "Hebu nipe kaka'ko niongee naye, wewe umepaniki." Kaka! Kaka yangu anauza samaki Tumbe, akiona GPU-Z atadhani ni aina ya simu. Nikamwambia aliyelipa ndiye anayeongea. Akasema waranti ni siku saba na ni ya kuwaka tu. Mashine inawaka? Inawaka. Basi. Ikiwa sijaridhika niirudishe Unguja kwa nauli yangu "atanitazamia" nyingine, na niongeze laki nne.

Risiti yenyewe ndiyo hii: "CPU i7 1pc, 1,650,000/=". Haina kizazi, haina jina la kadi, haina chochote cha kumshika. Wenzangu mnaokwenda kununua, mlazimisheni aandike namba yote ya prosesa na namba yote ya kadi kwenye risiti, na GPU-Z muwe nayo kwenye flashi, muiwashe pale pale kabla hela haijatoka. Akikataa kuandika, ondokeni, hata shangazi akipiga honi.

Na kwa bajeti ile ile? Nimeshinda wiki nzima nikipiga hesabu ambazo ningezipiga mapema. Kasha la kawaida lenye pawa saplai ya kueleweka, i3-12100 au i5 ya kizazi hicho, RAM 16, na kama pesa imebana, kadi ya RTX 3050 ya GB 6, ile ya 2024 inayokula wati 70 na haihitaji waya wa ziada. Ingekuja bila kioo, kioo ningeazima. Ukiwa nazo zaidi, RTX 3060 ya GB 12, kwa sababu zile GB 12 ndizo zinazobeba miti, lakini hiyo ni wati 170, pawa saplai na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) lazima vilingane nayo. UPS ndogo ya VA 650 haitoi hata wati 400, msidanganywe na hiyo namba kubwa ya kwenye boksi. Sisi wa huku tunaopata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010 tunajua ukicheza unavyocheza, na kurenda video ya usiku mzima halafu ukatike saa kumi alfajiri ni msiba.

Ami wa Maskati nimemwambia ukweli wote. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, akasema "Mwanangu, nipe muda mpaka mwisho wa mwezi." Mpaka mwisho wa mwezi, siyo zaidi.

Alhamisi napanda boti. Sanduku ninalo, kadi nimeichomoa nimeifunga peke yake, picha za GPU-Z nimezichapisha kwa rangi nakala tatu. Ninachouliza hapa ni kimoja: yupo aliyewahi kupeleka kesi ya vifaa bandia kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara pale Unguja? Risiti kama hii yangu wanaipokea, au watataka ile inayochapwa na mashine ya kodi? Anayejua anijibu kabla ya Jumatano usiku. Wanaotaka kuniambia "ungenunua laptopu ya gemu" wakae nayo.