Tangazo linasema "juniya" wa devopsi, kazi ni ya idara nzima. Hii tabia ikome!

Wakuu, nina hasira na leo naisema.

Juzi nimesoma tangazo la kazi ya devopsi, yaani kujenga na kuendesha seva na mifumo inayobeba programu za kampuni, ngazi ya anayeanza (juniya). Nikashuka kwenye sifa: uzoefu wa miaka mitano wa Kubernetes, Terraform, Python, hifadhidata, usalama, AWS na Azure na Google Cloud zote tatu (yale "mawingu", huduma za kukodi seva mtandaoni), Jenkins pamoja na GitHub Actions. Mstari wa mwisho: "awe tayari kupatikana muda wote." Mshahara ni maelewano.

Anayeanza gani huyo? Hiyo ni kazi ya watu wanne, imebandikwa jina la juniya ili ilipwe mshahara wa mmoja, tena wa chini. Na anayetaka mawingu yote matatu kwa mtu mmoja mara nyingi kanakili matangazo ya wenzake, hajui hata seva zake ziko wapi.

Kinachoniuma ni vijana. Mtu kajifunza Linux kwa taabu, kajenga maabara yake kwenye kompyuta chakavu, akisoma orodha ile anajiona hafai. Mwingine anaomba, anapata, halafu siku ya kwanza anagundua kuwa hakuna mtu juu yake. Yule aliyejenga mfumo kaondoka, maelezo hakuacha, na nywila ziko kwenye faili la mtu mwingine.

Hilo la "muda wote" ndilo baya kuliko yote. Google, kwenye kanuni walizochapisha 2016, wanasema timu iliyo sehemu moja inahitaji wahandisi wasiopungua 8 ili zamu ya kupokea simu za dharura iende bila kuwamaliza watu. Wanane! Sijasema kila kampuni iwe nao. Lakini kati ya wanane na kijana mmoja peke yake usiku na mchana, kuna dhuluma hapo.

Msiniambie atajifunzia kazini. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, mtu mzoefu mwenye wenzake, alikuwa anahangaika na tatizo usiku, akafuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Walipogeukia bakapu, yaani nakala za akiba, njia walizokuwa wamezitegemea zikawa hazifanyi kazi. Ilibidi watumie nakala iliyopigwa kwa mkono mapema siku hiyo, na data za saa zipatazo 6 zikapotea. GitLab walieleza hadharani kilichotokea, wakakubali kuwa ni udhaifu wa taratibu zao. Sasa mweke hapo kijana wa miezi miwili, peke yake, chini ya bosi anayetafuta wa kumlaumu. Nani atamtetea?

Kwa hiyo wadogo zangu, kabla hamjatuma maombi, sahauni kwanza orodha ya zana. Orodha ndefu peke yake isiwatishe, ukiwa na theluthi mbili tuma. Tafuteni kama tangazo linataja timu na nani utaripoti kwake. Likisema "utajenga kila kitu kuanzia sifuri" kwa mtu wa ngazi ya chini, limeshajieleza: hakuna mtu huko. Likiwa kimya, waandikieni muulize nani atapitia mabadiliko yangu kabla hayajaenda kwa wateja, zamu ya usiku tuko wangapi na inalipwaje, na lini mara ya mwisho mlijaribu kurejesha data kutoka kwenye bakapu. Hilo la mwisho linafichua mengi. Kampuni yenye utaratibu itajibu bila kigugumizi, hata kama jibu si zuri. Inayokasirika kuulizwa, achaneni nayo.

Na nyie waajiri mliomo humu, maana najua mnasoma: mnashindwa nini kuandika mshahara na idadi ya watu kwenye timu? Nijibuni hapa hapa, si inbox.