Darubini ndogo uani: tupeane uzoefu

Lanet, Nakuru
Ndugu zangu, natumia darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 70, na ningependa wenzangu wa Kisumu na Magharibi nao waeleze wanavyofanya. Kwetu usiku una baridi na umande hutanda kwenye lenzi mapema, kwa hiyo nimeivisha mdomoni bomba la kadibodi linalochomoza mbele, nalo linasaidia sana. Mwezi huutazama ukiwa nusu, si mpevu, kwani jua linapoupiga kwa ubavu ndipo vivuli vya mashimo na milima yake vinapojitokeza.

Mamboleo, Kisumu
Shukrani kwa kutufungulia mjadala. Yangu ni ya kioo cha kuakisi badala ya lenzi, kipenyo milimita 114, na ilikuja na stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake sharti uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Kijitabu chake kinamwambia mtu ailenge Nyota ya Kaskazini, ushauri unaomfaa mkazi wa Ulaya. Sisi tulio karibu kabisa na ikweta nyota hiyo imetulalia kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na mapaa, na mhimili nao hulazimika kulala hivyo hivyo, hata chuma cha kusawazisha uzito kikagonga miguu ya stendi. Seremala wa mtaani alinichongea kitako cha mbao kinachozunguka, darubini ikawa inageuzwa na kuinuliwa kwa mkono tu, na sijaihitaji tena ile stendi. Faida yetu ni kwamba jioni za Aprili na Mei, mvua ya masika ikituhurumia, kundi la nyota la Msalaba wa Kusini huonekana upande wa kusini na lile la Dubu Mkubwa upande wa kaskazini kwa wakati mmoja.

Kakamega
Msidanganywe na maandishi ya kwenye boksi kwamba darubini inakuza mara 500. Kwa kipenyo cha milimita 70, ukipita mara 140 unakuza ukungu. Miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupita) naiona vizuri kwa mara 35 tu. Pete za sayari ya Zohali ndizo zinazonifanya nibadilishe lenzi ya jicho, ile ndogo ya kuchungulia, ili nikuze zaidi, ingawa mwaka 2025 zilitugeuzia ukingo zikawa nyembamba mno.

Kitale
Msimu wangu ni Desemba hadi Februari, mawingu yanapopungua. Majirani wakija, huwaonyesha kwanza Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, kwa lenzi inayokuza kidogo kuliko zote, maana ukikuza zaidi nyota zake hazienei tena katika duara moja la kuonea.