Kozi za koleji mtoto akiwa bado haiskuli: Ohio, Washington, Texas au Minnesota, wapi mlango uko wazi zaidi?

MamaTumaini (Columbus)
Habari zenu wadau. Kijana wangu anaingia darasa la 9 mwezi wa nane na huku nyumbani tunajadili kuhama, mzee ana ndugu zake Kent kule jimbo la Washington, na kazi anaahidiwa upande wa Texas. Kabla hatujafunga mizigo nataka kujua hizi kozi za koleji ambazo mtoto anasoma akiwa bado haiskuli zikoje kwa wenzetu, maana kila jimbo na masharti yake. Hapa Ohio tuna College Credit Plus, inaanzia darasa la 7 hadi la 12, kwenye chuo cha umma hulipi ada wala vitabu. Sitaki kumtoa penye mlango wazi nikampeleka penye komeo.

Kaka_Kent
Dada karibu sana Kent, ila ujue Running Start yetu ni ya darasa la 11 na 12. Mtoto anaenda koleji yenyewe, anakaa darasani na watu wazima, ada inalipwa na serikali ya jimbo lakini vitabu, nauli na zile ada ndogondogo ni juu yenu, labda muombe msamaha kama kipato ni cha chini. Sasa kwa wa darasa la 9 kuna njia nyingine, College in the High School, kozi ya chuo inafundishwa palepale shuleni na mwalimu wa shule, na tangu sheria ya 2023 ni bure kwa vyuo vya umma. Shida ni kwamba siyo kila shule inazo, kwa hiyo angalia shule kwanza ndo utafute nyumba.

BabaUvira_FW
Jambo mama Tumaini. Huku Texas sheria ya 2015 iliondosha mupaka ya darasa, mutoto anaweza anza toka la 9. Na toka 2023 kuko programu ya FAST, mutoto mwenye alipata chakula ya bure ao ya bei ya chini ku masomo, hata mwaka moja tu mu ile miaka ine ya nyuma, halipe kitu kama chuo kiliingia mu programu. Bazazi bengi ba kwetu hawajue hii na banalipa bure! Lakini kuko mutihani wa TSI, ule wa kupima kama mutoto ako tayari kwa kozi ya koleji, kusoma na kuandika na hesabu. Binti yangu hesabu anaweza sana, alikuwa mupya mu Kingereza, wakamuzuia ku kozi ya kuandika. Hapo ndiko kuko kazi.

Mwalimu_Achieng
BabaUvira umegusa penyewe. Mimi nafundisha hapa Minnesota na kila mwaka naona hiyo kitu, watu wanasema tumepanua, tumeongeza madarasa, halafu wanaacha mtihani mmoja wa Kiingereza usimame mlangoni, na wale watoto wetu waliotoka kambi za wakimbizi za Kakuma ama Nyarugusu juzi wanabaki nje hata kama wanafanya vizuri class. Ndio napenda vile Ohio imefanya, mtoto anaweza ingia kwa alama za mtihani AMA kwa GPA, yaani wastani wa alama zake za shule, ya 3.0 kati ya 4. GPA inaonyesha kazi ya miaka, mtihani unaonyesha asubuhi moja. Kwetu PSEO, yaani mpango wetu wa kozi za koleji kwa watoto wa haiskuli, ilianza 1985, jimbo la kwanza kabisa Marekani, na bado wa darasa la 10 anaanza na kozi moja tu ya ufundi tena awe amepita mtihani wa kusoma wa jimbo. Mimi ningefungua hapo, mtu aingie kwa GPA na barua ya mwalimu.

Salim_Tz
Samahanini, mi naona tunakimbilia sana. Darasa la 7 mtoto wa miaka 12 koleji anatafuta nini? Si bora asome AP, zile kozi ngumu za kiwango cha chuo palepale haiskuli, anafanya mtihani mwezi wa tano, akipata 3 kwenda juu kati ya 5 vyuo vingi vinampa kredit, yaani kozi inahesabiwa chuoni, akikosa hakuna anayejua.

Nuru_StPaul
Shikamooni wazazi. Mimi nimemaliza PSEO mwaka huu. Kaka Salim ana pointi kuhusu AP lakini pale kila kitu kinategemea mtihani wa siku moja, na kwa mimi niliyejifunza Kiingereza ukubwani kuandika kidogo kidogo muhula mzima kulinisaidia sana. Ila mama Tumaini sikiliza hili, ile alama ni ya koleji kweli, inakaa kwenye transkripti yako, yaani rekodi ya alama zako, maisha. Rafiki yangu alichukua kozi nyingi kwa mpigo, akafeli na nyingine akaacha katikati, alipoingia chuo wakamwambia msaada wa FAFSA, ile hela ya serikali kuu ya kusomea chuo, uko hatarini kwa sababu wanahesabu kozi ulizomaliza. Hakuna aliyemweleza shuleni kwake. Aanze na MOJA.

Kaka_Kent
Na muulize kredit zinaenda wapi. Vyuo vya umma vya jimbo lilelile kwa kawaida zinapokelewa, ukivuka jimbo au ukienda vile vyuo binafsi vikubwa unaweza kukuta hawazitaki. Kwa familia inayohama hili ni la kwanza.

MamaTumaini (Columbus)
Aisee asanteni. Salim darasa la 7 hata mimi naona ni mapema kwa wengi, lakini sitaki sheria ndo iamue, mwalimu anayemjua mtoto aamue. Nimesikia pia hapa Ohio ukifeli wilaya ya shule inaweza kukudai hela, kweli?

Mwalimu_Achieng
Kweli, wanaweza, kwa hivyo uliza tarehe ya mwisho ya kuacha kozi kabla hajaanza. Na fomu ya nia, ile ya kusema mtoto anataka kuchukua hizi kozi, huwa inatakiwa mapema, miezi mingi kabla ya muhula, kwa hivyo andikia kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi shuleni, wiki hii hata kama mtahama, akuambie pia GPA yake itahesabiwa vipi akiwa ndio anaanza la 9. Kama mna hakika ya Texas, BabaUvira amtafutie shule yenye kozi hizo ndani, halafu huyo kijana aanze kuandika Kiingereza kila siku kuanzia sasa.

BabaUvira_FW
Mama niandikie inbox jina ya mutaa mwenye munataka, nitauliza bazazi ba kule.