Tupeane uzoefu: mlikutanaje na albamu ya kwanza ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza?

Mtembeza Wageni
Wakuu, naanza mwenyewe. Mwaka wa sita huu natembeza wageni Mji Mkongwe, na kila safari lazima nisimame Shangani niimbe wimbo uleule: Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa hapa Unguja 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Siku moja bibi mmoja wa Kiingereza akaniuliza taratibu, "Na hilo Mercury kalitoa wapi?" Nikajibu haraka, kwenye sayari. Akatabasamu tu, akanambia nikasikilize "My Fairy King", albamu ya kwanza, 1973. Usiku nikachomeka waya masikioni. Mle ndani anamlilia "Mother Mercury". Brian May, mpiga gita wao, ameshasimulia kwamba ni baada ya kutunga mstari huo ndipo jamaa akaamua kujiita Mercury. Miaka yote hiyo nauza jina nisilolijua! Haya, nyie je?

Fundi Mitambo
Mimi ilinikuta studio. Bendi yetu haina hela, mwenye studio mmoja Sinza akatupa saa za usiku, wateja wake wakishaondoka. Tunaingia saa saba, alfajiri tunatimuliwa. Mpiga kinanda wetu akasema tusilalamike, Queen nao walirekodi hivyohivyo studio ya Trident, Soho, London, mwaka 1972, wakisubiri wenye fedha wamalize. Nikadhani ananibembeleza. Nikaja kusoma, kumbe kweli. Tofauti ni kwamba wao walitoka na albamu. Sisi nyimbo mbili, ya tatu umeme ukakatika.

Dada wa Leicester
Santuri yake niliipata mnadani huku Uingereza, jalada limechakaa pembeni. Nyuma wameandika kabisa kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza, kile kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti. Mume wangu anapiga kinanda cha taarab, akabisha mpaka chai ikapoa: "Sasa hizo sauti zote zinatoka wapi?" Gita, baba, limerekodiwa juu ya lenyewe tena na tena. Na gita hilo Brian May alilichonga na babake nyumbani, shingo yake ni ubao wa meko kuukuu. Halafu John Deacon wa besi wamemwandika "Deacon John", kama jina la kwenye daftari la shule!

Mbishi
Mtanichukia, ila albamu haijaiva. Dramu za Roger Taylor kama zimefunikwa blanketi. Wenyewe hawakuridhika nazo, ndiyo maana 2024 wameichanganya upya. Wimbo wa "Keep Yourself Alive" ulitangulia albamu, Julai 1973, na haukugusa chati za Uingereza. Lakini "Liar"... hiyo dakika sita na ushee sijawahi kuikatisha, hata nikiwa foleni Ubungo.

Nyuzi Sita
Mbishi, nakuunga mkono kwa "Liar" tu. Yangu ni fupi. Nilisikia Brian May hapigi kwa kipande cha plastiki kama sisi, anapiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita. Nikachukua shilingi mia mbili, nikaufungua "Keep Yourself Alive" kwa fujo zote. Uzi mwembamba ukakatika, ukanichapa kidevuni. Mke wangu mpaka leo anajua ni wembe.